Rubani kwenye Benchi la Wajawazito

Mjini Musoma tulimwita Rubani tu, na hata waliokuwa wanalijua jina lake hawakulitumia. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, nani alimsomesha kurusha ndege, hayo sijui, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwuliza. Nilichokijua mimi ni presha yake. Niliijua kuliko mkewe, kuliko mwajiri wake, na kuliko daktari wa marubani kule Dar es Salaam ambaye ndiye aliyepaswa kuijua.

Nilikuwa nesi mkunga kwenye zahanati iliyokuwa hatua chache tu kutoka kiwanja cha ndege. Kiwanja cha Musoma kiko ndani ya mji, na watu wamezoea kukikatisha wakienda zao ziwani au sokoni. Ng'ombe nao hawafukuzwi mpaka ndege isikike. Rubani alikuwa anarusha ndege ndogo ya viti sita iliyobeba wagonjwa, chanjo, mapadri, na mara mojamoja wakubwa wa serikali. Ndege ilikuwa moja na rubani alikuwa mmoja. Akishikwa na malaria yeye, rufaa za Mwanza zinasubiri, na mji mzima unajua kwa nini zinasubiri.

Hakuwa na mbwembwe tunazozitarajia kwa watu wa kazi ile. Alikuwa mfupi, mnene wa shingo, mwenye mwendo wa haraka wa mtu anayewahi ofisi kufungwa. Kofia yake ya kazi aliivaa wakija wageni, na siku nyingine ilikaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwake, ambako mkewe aliitumia kufunikia mtungi wa sukari, miaka ile ambayo sukari ilipatikana.

Kitu alichokuwa nacho ambacho sijakiona kwa mtu mwingine ni woga wa kasoro ndogo. Kabla ya kuruka aliizunguka ndege yake kwa mikono, si kwa macho tu. Alipapasa tairi, akapapasa ukingo wa bawa, akatikisa kila kinachotikisika. Akikuta kasoro aliiandika kwenye daftari la ndege, na ikishaandikwa haruki mpaka fundi aweke sahihi yake. Mheshimiwa mmoja, mkubwa kwelikweli, aliwahi kukalishwa juani nusu siku kwa ajili ya ufa wa tairi ambao fundi mwenyewe alisema anauona kwa taabu.

"Lakini si asubuhi umekuja nayo hiihii?" mheshimiwa akauliza.

"Asubuhi nilikuwa sijauona, mzee. Sasa nimeuona."

Alikuwa na msemo wake: angani hakuna pembeni pa kuegesha. Aliurudiarudia mno, hata watoto wa shule waliokatisha kiwanjani wakawa wanamwimbia akipita. Alikuwa na msemo wa pili, huu wa kuwaambia wagonjwa aliowabeba. Akimwuliza mgonjwa hali, mgonjwa akajibu "sijambo" kama tunavyojibu wote hata roho ikiwa inatoka, yeye husema: "Sijambo si kipimo, mama. Niambie panapouma."

Na alikuwa mwoshaji. Wakaguzi wa ndege walipokuwa wanakaribia kuja, yeye na fundi walishinda siku mbili wakiisugua ndege mpaka kwenye matumbo ya magurudumu. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, kwa hiyo akina mama wa mtaani walikuwa wanasimama kuangalia povu lile kwa masikitiko. Mmoja alinong'ona kwamba angekuwa ndege na yeye angenawiri. Rubani alimsikia, akacheka, akamkatia kipande. Halafu akaendelea kusugua.

Sasa nije kwenye presha.

Siku ya kwanza alikuja Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito. Nilimwona amesimama mlangoni anageuza funguo mkononi.

"Dada Nesi, hiyo mashine yako ya presha inafanyaga kazi?"

"Inafanya, Kapteni. Kwani wifi amepata mimba?"

"Nipime mimi."

Nikampima nyuma ya pazia. Zebaki ikasimama mia na sitini, chini mia moja kamili. Nikapima mkono wa pili, ikawa vilevile. Nikavuta daftari ili niandike, naye akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, taratibu, bila ukali.

"Usiandike."

Ndipo akanieleza habari ya cheti. Rubani aliyevuka miaka arobaini, alisema, anapimwa kila baada ya miezi sita na daktari maalumu wa marubani. Macho, masikio, moyo, mkojo, presha. Ukifaulu unapewa karatasi ndogo, ndogo kuliko kadi ya kliniki ya mtoto, na usipokuwa nayo huruhusiwi kuigusa ndege hata kama ulilala nayo usiku kucha.

"Ukiandika jina langu na hiyo namba," akasema, "iko siku mtu ataisoma."

"Nani atakuja kusoma daftari la wajawazito, Kapteni?"

"Ndiyo maana nimekuja Alhamisi."

Basi ikawa ada. Wiki asizokuwa safarini, kila Alhamisi alikaa kwenye benchi na wajawazito wangu, akisubiri zamu yake. Wanawake walimsogelea bila noma, wakampakatisha watoto wao wakiingia ndani, na mara nyingi nilimkuta na mtoto wa mtu akimchezea vifungo vya shati. Mjini hakuna aliyeshtuka. Watu waliamini amemleta mkewe au anamfuatilia mkewe, na kwa hesabu ya Musoma mke huyo alikuwa na mimba ya miaka minne. Alipoulizwa sokoni alijibu kwamba Mungu hana haraka.

Mashine yangu ilipopasuka mpira wake, niliandika barua tatu kwa wakubwa wangu na sikujibiwa. Miaka ile hapakuwa na mpira wala nauli ya kuufuata. Rubani alirudi safari moja na mpira mpya mfukoni, na pampu yake, na akavifunga mwenyewe kwa bisibisi ya ndege. Sijui aliutoa wapi. Wanawake wengi wa mji ule waliokolewa na kifafa cha mimba kwa sababu mashine ile ilikuwa inapima, na ilikuwa inapima kwa sababu mwanamume mmoja hakutaka kujulikana. Sijawahi kujua hesabu hiyo niiweke upande gani.

Nyumbani kwake chumvi ilipigwa marufuku. Mkewe, ambaye mimi nilimwita wifi na yeye akaniita hivyohivyo, alichemsha sato kwa ndimu na pilipili tu, akasonga ugali wa muhogo na mtama, na wageni waliletewa chumvi pembeni kwenye kisosi. Matangani, Rubani aliosha kipande cha samaki kwenye kikombe chake cha maji kabla ya kukila, mbele za watu, bila aibu. Wakasema anaringa. Lakini siku moja nilimkuta stendi ya Bunda, anasubiri mtu, na mkononi ana karanga zilizofungwa kwenye gazeti, nyeupe kwa chumvi.

"Kapteni!"

"Hizi haziingii kwenye hesabu," akasema, akanipa kiganja kimoja. "Bunda si nyumbani."

Jioni alitembea. Alikipima kiwanja cha ndege kwa miguu, kwenda na kurudi, mara nne, mikono nyuma. Watu walidhani anakagua njia ya ndege, naye aliwaacha wadhani. Miaka ya shida mimi nilikuwa na vidonge vya kukojolesha mwezi huu, mwezi ujao sina, kwa hiyo ilikuwa ni miguu na kukosa chumvi tu. Na alifaulu. Alikwenda Dar, akarudi na karatasi yake, akaja kunionyesha kabla hajaenda kwake.

Ukimsikiliza akiwasema wengine ungedhani ni mtu mwingine. Alimleta kwangu mvuvi mmoja wa Kiriba, kijana wa watu aliyekuwa amekonda mpaka shati linamvaa. Alimsukuma ndani kwa bega.

"Huyu anakohoa tangu mavuno. Anaogopa mtamwandika, kijijini wajue ana kifua kikuu. Mwandike. Mtu mzima anafichaje kitu kinachomla?"

Nilimwangalia Rubani machoni, na yeye akaniangalia, na hakupepesa. Nikamwandika mvuvi. Alitibiwa, akapona, na baadaye alikuwa ananiletea samaki wadogo, furu wabichi, kila akipita.

Nilijiuliza sana ilikuwaje mtu mwenye akili ile akawa hivyo. Jibu nililipata kwenye habari ya sabuni, ambayo alinihadithia mwenyewe mara moja tu. Wakati wa msako wa bidhaa, serikali ilipokuwa ikiwasaka walanguzi nyumba kwa nyumba, alikuwa na katoni mbili za sabuni na mfuko wa sukari, mali ya misheni, na risiti zake. Ikatangazwa kwamba mwenye bidhaa nyumbani aende ofisini aseme, hakuna atakayeguswa. Watu wa mtaa walichimba mashimo, wengine wakatupa vitu ziwani. Yeye akavaa kofia yake ya kazi akaenda kusema. Sabuni ilichukuliwa, sukari ikachukuliwa, na risiti zikachukuliwa, na yeye akalala mahabusu siku mbili mpaka padri alipokwenda kumtolea ushahidi. Jirani yake aliyefukia katoni zake chini ya mahindi aliogea sabuni mwaka mzima.

"Waliniambia, sema tu, hakuna tatizo," alisema. "Nikasema."

Daktari wa marubani alikuwa mtu mwema, Rubani mwenyewe alikiri. Kila miezi sita aliuliza swali la kwenye fomu, unatumia dawa yoyote, na kila miezi sita aliongeza la kwake: ukipata shida yoyote niambie mapema, hakuna tatizo. Kwa maneno hayohayo. Na mtu wangu akajibu kwamba yeye ni mzima kabisa.

Halafu mambo yakafunguliwa. Wenye miaka kama yangu wanajua ilivyokuwa: ghafla kuna mitumba, kuna betri, kuna sabuni za rangi zote, na kila mtaa una duka la dawa lenye kijana nyuma ya kaunta. Rubani hakununua Musoma, kwa sababu Musoma ilimjua. Alikwenda Bunda, akanunua kwa mfanyabiashara mmoja mwenye kibaraghashia, mpole, ambaye hakuuliza cheti cha daktari wala jina. Alhamisi moja akanimwagia mezani vidonge kutoka kwenye bahasha ya kaki.

"Hivi ni vya nini, Kapteni?"

"Vya presha."

"Nani kakuandikia?"

"Si wewe ndiye unanipima?"

Ilikuwa kweli. Na vidonge vilimfaa. Presha ikashuka vizuri, uso ukang'aa, akaanza kutania wajawazito kwamba atajifungua kabla yao. Mwaka ukapita hivyo. Ndipo, akiwa anajiandaa kwa safari ya Dar, akanitajia kama mtu anayetaja jambo la kawaida kwamba juma moja kabla ya kupimwa huwa anaviacha.

"Unaviacha?"

"Naachaga vyote. Mkojo wanauchukua, Dada Nesi. Wataviona mle ndani. Ndege haipelekwagi kwa mkaguzi na tope."

Nikamweleza kwamba mwili si ndege. Vidonge vile ukiviacha ghafla presha hairudi peke yake, inarudi na ndugu zake. Nikamwambia pia kwamba mkojo wanaupima sukari na protini, hawatafuti vidonge vya Bunda. Alinisikiliza kwa heshima yote, kichwa ameinamisha. Kisha akasema ni wiki moja tu. Alikuwa anajiosha kama alivyoosha ndege yake, kwa moyo safi, na hakuna mtu angemtoa hapo. Mara ya kwanza na ya pili alipita kwa bahati, presha ikiwa juu kidogo, daktari akamwambia apumzike na arudie kesho yake. Kesho yake ikawa imeshuka, akapewa karatasi.

Katika wiki mojawapo ya kujiosha ndipo tulipompata mama mmoja wa Kiriba. Alikuwa na mimba ya miezi saba na moyo mbovu, midomo imegeuka rangi, ana rufaa ya Mwanza, na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Machela ilikuwa tayari kiwanjani. Rubani alipita zahanati kwanza, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshajifunza kuisoma zebaki mwenyewe, kwa hiyo tuliitazama pamoja. Mia na themanini. Chini, mia na kumi.

"Unajisikiaje?"

"Sijambo," akasema.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema na sikulisema. Ningesema usiruke, mama yule angefia kwenye machela, na mimi ningelazimika kueleza watu sababu. Nikachukua begi langu nikapanda. Nilikaa nyuma yake, mgonjwa pembeni yangu, na tukiwa juu ya ghuba, maji pande zote, nilijikuta naangalia mshipa wa shingo ya Rubani kuliko ninavyomwangalia mgonjwa. Ulikuwa unaruka. Nilihesabu mapigo yake kwa saa yangu mpaka magurudumu yalipogusa Mwanza. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu, na sikuwa naogopa kufa tu, nilikuwa naogopa kujulikana.

Hakuna kilichotokea. Mama alipona, alijifungua msichana. Wakati wa kurudi Rubani alinipa karanga. Na kwa kuwa hakuna kilichotokea, Alhamisi iliyofuata tukaendelea kama kawaida.

Mwaka huohuo niliitwa kwenye semina Mwanza. Mkufunzi mmoja alikuwa daktari aliyewahi kutibu watu wa anga. Wakati wa chai nikamwuliza, kama nauliza habari za mbali, rubani mwenye presha anafanywaje. Akasema hakuna la ajabu: akisema mapema, anakaa chini wiki kadhaa, anapewa vidonge vinavyoruhusiwa, presha ikitulia anarudi angani na cheti chake. Wanaopotea, alisema akikoroga chai, ni wale wanaoficha mpaka mshipa unaamua.

Nilirudi Musoma na habari hiyo. Ningeweza kwenda kwake nikamkalisha yeye na wifi. Badala yake nilingoja Alhamisi, na nikamwambia pale benchini, wajawazito wakisikia nusu nusu, nikicheka.

"Kapteni, kumbe hata wanaomeza vidonge wanarushaga. Nenda ukaungame."

Akacheka na yeye. "Na wewe wamekutuma?"

Tukacheka wote, nikamfunga mpira mkononi. Sikuirudia tena habari hiyo. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilimwambia na hakutaka, na hilo ni kweli. Lakini mimi nimestaafu sasa na sina haja ya kujisafisha. Nilikuwa naipenda siri ile. Mtu aliyeweza kumkalisha mheshimiwa juani alikuwa ananiletea mimi mkono wake kila wiki, na hakuna mwingine aliyejua namba zake. Angekwenda kusema Dar, angekuwa mgonjwa wa daktari wa Dar.

Safari iliyomwangusha alikwenda amejiosha vizuri, siku saba bila kidonge. Alipimwa leo, akapimwa kesho, akapimwa keshokutwa. Haikushuka. Wakamtuma kwa daktari wa macho, naye akamulika ndani akakuta damu nyuma ya jicho la kushoto. Karatasi haikutoka. Alirudi kwa treni mpaka Mwanza, halafu basi, mtu ambaye sikuwahi kumwona kwenye basi la njia ndefu. Alikuja zahanati siku ya Jumanne, benchi likiwa tupu, akasimama tu mlangoni.

"Wamenishusha," akasema.

Nikamwambia pole, Kapteni. Baada ya miezi michache walihama Musoma, na ndege za makampuni mapya zikaanza kutua, zikiendeshwa na watu ambao sikujua hata damu zao za kundi gani.

Ikapita miaka kadhaa. Nilikuwa nimekwenda Bunda kwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, na wakati wa kurudi nikashuka Kiabakari, nikapata lifti ya pikapu hadi Butiama, kwa kuwa nilikuwa nimesikia Rubani na mkewe wamejenga huko, kwenye kiwanja cha ndugu wa wifi. Begi langu lilikuwa na mashine ya presha. Mtu wa kazi yetu haiachi nyumbani.

Nilimkuta anamenya mihogo mbele ya nyumba. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika kabisa, limebaki la kulia. Alinitambua kwa sauti kabla hajageuka, akafurahi, akamwita mkewe kwa kelele. Wifi alitoka, tukakumbatiana, akaingia kupika. Tukaongea habari za mji, nani amekufa, nani amejenga. Kisha nikamwomba mkono, akanipa bila kuuliza. Mia mbili na kumi.

"Vidonge unameza?"

"Vya nini?" akasema, na alishangaa kweli. "Cheti si hakipo."

Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto: kutembea, kukosa chumvi, vidonge, yote yalikuwa ya cheti. Cheti kimeondoka, sasa anakula kama watu. Kisha akaendelea kumenya na akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku ile ya mwisho daktari wa Dar alivua miwani yake, akamwambia: "Kapteni, ninao wenzako wanaomeza vidonge hivi kila asubuhi, na saa hizi wako angani. Ungeniambia miaka ile, na wewe ungekuwa huko."

Kisu chake kilisimama kwenye muhogo.

"Wewe ulikuwa unajua, Dada Nesi?"

"Nilijua. Nilisikia Mwanza. Nikakuambia."

"Nakumbuka. Ulikuwa unacheka." Hakuwa na kinyongo usoni, alikuwa anatafuta kasoro kama alivyozoea, kwa kupapasa. "Ungenikasirikia, ningeenda."

Neno lile liliniingia. Nilikuwa nimemhudumia mtu yule miaka yote kwa upole, kwa utani na kwa siri, na nilikuwa najisifia upole huo. Nilitazama mkono wake, ule mkono nilioupima mara nyingi kuliko mkono wa mtu yeyote, na mshipa ulikuwa unaruka kama siku ile juu ya ghuba. Nikasimama.

Nikamkasirikia. Nilimwuliza kama mishipa yake ilikuwa ni mali ya serikali ya kurudisha akistaafu. Nilimwuliza kama yule mwanamke jikoni alikuwa amepika bila chumvi miaka yote kwa ajili ya karatasi. Nilimwambia ni mjinga, neno ambalo sijawahi kumwambia mgonjwa, na nikamwambia mimi ni mjinga zaidi. Nilimwambia jicho moja limekwenda, akitaka la pili liende aendelee tu kumenya mihogo. Majirani walitoka kwenye nyumba zao. Kijita changu na Kiswahili changu vilichanganyika, sikujali.

Wifi alitoka jikoni na kopo la plastiki. Lilikuwa limejaa bahasha za kaki ambazo hazijafunguliwa.

"Nanunuaga kila mwezi," akasema. "Hamezi. Mwambie, wifi, mimi ananisikiaga kama redio."

Nikafungua bahasha, nikakagua, nikatoa kimoja nikamwekea kiganjani. Wifi akaleta maji. Rubani akakitazama kile kidonge, akakitia mdomoni, akameza. Kisha akaniinulia lile jicho lake moja, akingoja kuona kama nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza.